Rangi ama mtaro? Pesa ya kikundi imetugawanya

koti_ya_nyuma: Wadau habari zenu. Sisi ni kikundi ya vijana huku Eastlands, Nairobi, kuna kiplot ilikuwa jaa la takataka tumezoa karibu mwaka mzima, na sahii tuko na elfu arobaini. Nusu yetu wanataka tuchore ukuta tuweke mabenchi na maua, nusu wanasema hayo ni mapambo tu, pesa iende kwa mtaro juu mvua ikinyesha maji inaingia mpaka kwa nyumba. Halafu kuna jamaa alienda semina akarudi akituambia utamaduni na urembo ni maendeleo endelevu, tukamwambia aeleze kwa lugha ya mtaa akashindwa 😂. Sasa nauliza, urembo inasaidia ama ni mambo ya matajiri wa Lavington?

mzee_wa_stage: Msimcheke huyo jamaa. Mnakumbuka 2020 ile expressway ya Nairobi ikianza kujengwa, miti ngapi ilienda? Lakini ule mugumo wa Waiyaki Way watu walipiga kelele hadi Novemba hiyo rais Uhuru akasema ubaki. Kivuli ingine ilikuwepo, shida ni kwamba mugumo Wakikuyu waliomba chini yake tangu zamani, kuukata ni mwiko, na hata mtu hajawahi kuomba hapo anasikia vibaya ukiguswa. Angalia pia kaya za Wamijikenda kule Pwani, ile misitu yao mitakatifu. UNESCO iliziweka kwa urithi wa dunia 2008, lakini misitu ilikuwa imesimama kitambo juu wazee walikataza mtu kukata. Mti bila stori hauna wa kuutetea.

fundi_wa_mawe: Sawa mzee, lakini mugumo haukuwa na maji ya choo ikipita kwa mizizi. Mtaro kwanza. Mimi nimeona ukuta umechorwa na wageni wa kamera, simba kubwa kabisa, unyevu ikapanda kutoka chini, msimu mmoja rangi yote ikabanduka na takataka ikarudi palepale. Na nani huku amewahi kufuga simba?

mama_kiondo: Watoto wangu mnagombana bure. 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, watu walitoka mbio kutafuta vikapu, mimi nikauza viondo hadi vidole vikauma, ingawa wengi walihamia ile mifuko ya bei rahisi ya duka wanatupa baada ya wiki mbili tatu. Kiondo hautupi. Mshipi ukikatika unaniletea naweka mwingine, cha mama yangu kimeshinda umri wa kitinda mimba wangu na bado kinaenda soko. Ni kizuri, ndio kinatunzwa. Kwani mtaro ni lazima uwe mbaya?

yule_wa_semina: Ni mimi huyo mnanicheka 😂. Nilichotaka kusema ni kwamba yale malengo 17 ya UN ya maendeleo endelevu ya 2015, hakuna hata moja ya utamaduni peke yake, imefichwa ndani ya mengine, kama lengo la 11 la miji, kipengele 11.4, kulinda urithi wa utamaduni na wa asili. Ndio maana mtu wa bajeti anaikata kwanza. Mama kiondo ameeleza vizuri kuliko mimi.

koti_ya_nyuma: Mama umetumaliza. Tumeketi jana usiku tukaamua, mtaro unafunikwa na slab ili juu ikuwe mahali pa kukaa, rangi tunanunua kidogo tu ya geti. Simba hapana. Mzee wa makaa ametuambia hapo zamani palikuwa na mkuyu watoto wakichezea chini yake, huo ndio tutachora, na mche mwingine tupande kando, mbali na mtaro kabla hamjaniuliza. Fundi, slab ngapi kwa mita kumi na nane?

fundi_wa_mawe: Nipatie upana na kina, hizo ndio watu husahau. Na mkuyu uende mbali zaidi ya hapo unafikiria, mizizi yake haina adabu.