Msaada wakuu: Chaser yangu inadunda nyuma nikiondoka, nianzie wapi kwenye shokapu?

Mleta uzi
Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma, Nkuhungu. Nina Toyota Chaser JZX100, injini ya 1JZ yenye tabo, manyuo (gia za mkono). Injini namshukuru Mungu iko poa, hela yangu yote ya miaka miwili imeishia huko, kinachoninyima usingizi ni kuondoka. Nikiachia klachi tu nyuma inaanza kudunda du du du du mpaka kioo cha ndani kinatikisika sioni kitu, halafu tairi zinasota palepale, zikija kushika wenzangu wa Subaru nawaona taa za nyuma. Tunapimana kwenye eneo la mtu, lina geti na lami yake, sio barabarani. Mita 18 za kwanza natumia sekunde 2.5 na hiyo ndo siku nzuri.

Nilichofanya mpaka sasa: nimefunga shokapu za kurekebishika nikazikaza zote nne mpaka mwisho ili isiyumbe, nimeshusha gari vidole viwili, na tairi nimejaza upepo 36. Nimeona video za Marekani wanaweka puto la upepo ndani ya springi ya nyuma kulia, nimeshaanza kulitafuta. Nisaidieni jamani, hii gari naipenda kutoka moyoni.

Mdau wa Kizota
Mkuu pole. Kabla hujanunua chochote jibu hili: ukishasota, rudi uangalie chini, kuna alama nyeusi ngapi? Ikiwa moja, difu yako haifungi tairi mbili zizunguke pamoja, hapo hata ubadilishe shokapu mara kumi bado mguu mmoja ndo utafanya kazi. Ikiwa mbili, endelea kusoma.

Hilo puto achana nalo. Wale Wamarekani wengi wana gari za eksoli ya nyuma moja nzima, kama Mustang nyingi za kabla ya 2015. Propela ikizunguka inaipindisha ile eksoli, tairi ya kulia inataka kunyanyuka, ndo maana wanaisaidia upande huo. Chaser nyuma kila tairi ina mikono yake na difu imefungwa kwenye fremu ndogo, ule msokoto hauendi kwenye tairi. Ukiweka puto upande mmoja utapata gari inayovuta pembeni tu.

Fundi wa Chang'ombe
Umekaza zote nne mpaka mwisho, hapo ndo umejifunga mwenyewe. Ngoja nieleze taratibu maana vijana wengi wananijia na hili.

Gari ikiondoka uzito unarudi nyuma. Kiasi kinachorudi kinatokana na nguvu ya kuondoka, urefu wa kwenda juu wa uzito wa gari na umbali wa tairi za mbele na nyuma. Chaser yako hapo kati ni mita 2.73, gari tani moja na nusu hivi, kwa mwendo wako huo wa kuondoka ni kama kilo 160 zinahama kwenda nyuma. Shokapu haiwezi kukuongezea hata kilo moja, kazi yake ni kuamua zile kilo zifike vipi na kwa haraka gani. Wewe umekaza mbele, pua haipandi, tairi ya nyuma inapigwa na nguvu yote ya injini wakati bado haijakaliwa vizuri. Legeza mbele mpaka mwisho wa kulegea. Nyuma zungusha mpaka zigote, kisha rudisha ukihesabu kliki (ule mlio wa kila hatua ya kurekebisha) mpaka katikati. Andika kwenye daftari, usitegemee kichwa.

Kudunda ni kitu kingine, hapo nashuku bushi, zile raba za kwenye maungio ya chini. Ingiza gari kwenye stendi, chukua mtaimbo, sukuma fremu ndogo ya nyuma na mauntingi (vishikio) ya difu. Raba iliyochoka inajikunja kama manati, inaachia, inajikunja tena, tairi inashika inaachia inashika, ndo hiyo du du du. Ukiendelea hivyo utavunja shafti. Hilo ndo la kwanza, kliki baadaye.

Mdau wa Ipagala
Na huko kushusha vidole viwili ndugu yangu, pitisha kiganja kwenye tairi ya nyuma upande wa ndani. Najua utakuta kipara, nje bado ina meno. Maana yake tairi imelala, unaondokea nusu tairi, na nyuma ikikaa chini inalala zaidi. Pandisha kidogo kisha kapige alaimenti, tairi za nyuma zisimame wima, karibu na sifuri. Upepo anza 26 tairi ikiwa ya baridi. Alama ikiwa nyeusi zaidi katikati, punguza tena, ikiwa nyeusi pembeni umezidisha kupunguza. Na ujaze kabla hujarudi nyumbani tafadhali.

Mdau wa Area C
Mbele fungua linki moja ya stabilaiza (kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), pua itapanda kwa uhuru. Ila ukitoka getini iwe imerudi, kona za barabarani bila hiyo ni hatari kweli. Na fagieni lami, hili vumbi letu la Dodoma tairi haishiki kitu.

Mleta uzi
Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili. Alama zilikuwa mbili. Mtaimbo ulipoingia kwenye bushi ya nyuma ya fremu, raba ilifunguka mpasuko kidole kinaingia, nilisikia vibaya maana fundi aliyenifungia shokapu aliniambia chini kote ni kuzima, hakuna kilichochoka. Nimefunga bushi mpya nne na mauntingi ya difu, nimepandisha nyuma kidole kimoja, alaimenti nimepiga, mbele nimelegeza zote, upepo 26.

Jana asubuhi saa moja kabla jua halijakolea tulifagia na mafagio ya chelewa, simu nikaiegesha kwenye tofali pembeni ya tairi ya nyuma nikarekodi pole pole. Mara ya kwanza iliruka mara mbili ikatulia. Nikaongeza kliki mbili nyuma, kitu kimoja tu sijagusa kingine. Mara ya pili kwenye video unaona ubavu wa tairi unajikunja, nyuma inakaa, pua inapanda, na tairi inazunguka bila kuruka hata mara moja. Sekunde 2.3. Nimeiangalia hiyo video labda mara thelathini.

Swali lililobaki kwa fundi: ikifika mita 10 hivi pua inashuka ghafla na tairi inasota tena kidogo. Ni klachi yangu au?

Fundi wa Chang'ombe
Hongera sana mwanangu. Hapo unabadilisha gia ya pili, nguvu ya injini inakatika, uzito unarudi mbele. Zile kliki mbili za nyuma usiziguse. Mbele kaza kliki moja moja ili pua isishuke haraka, ukiona kuondoka kumeharibika rudisha moja uliyotoka. Nitumie video inbox niione.