Picha za ndege akiwa kiotani: ziendelee au zikome?

Wadau, kila tunapokosoa picha ya ndege akilalia mayai, hujitokeza mtu akamtaja Emma Turner: kwamba mama huyo alipiga picha viotani, na leo tunamsifu. Mimi nataka picha hizo zisirushwe mitandaoni wala kushindanishwa, na shahidi wangu ni Turner huyohuyo.

Turner (1867–1940) alikuwa Mwingereza aliyeshika kamera baada ya kukutana na mpigapicha Richard Kearton mwaka 1900. Miaka mingi, majira ya joto yalimkuta ndani ya boti yake huko Hickling, Norfolk, kwenye maji yaliyozungukwa na matete. Mwaka 1911, yeye na Jim Vincent, mlinzi wa eneo lile, walikuta kinda la ngojamaliko, yule ndege wa jamii ya korongo anayejificha mateteni. Tangu 1886 hapakuwa na uthibitisho kwamba anazaliana Uingereza. Mabwawa yalikuwa yamekaushwa, na waliobaki wakawindwa. Picha ya Turner ikawa ushahidi kwamba amerudi.

Sasa tuangalie zama zake. Mtaalamu aliyetaka kuaminiwa alimpiga ndege risasi, akampeleka makumbusho. Turner alileta ushahidi na kinda likabaki hai. Kati ya njia zilizokuwapo, alichagua yenye madhara madogo zaidi, na hapo ndipo heshima yangu kwake ilipo.

Leo njia hiyo ni nyingine. Dume la ngojamaliko huvuma kwa sauti nzito inayofika mbali sana, na kwa mvumo huo ndivyo wanavyohesabiwa. Mwaka 1997 madume waliosikika Uingereza nzima walikuwa 11 tu. Matete yakarudishwa, sasa wamepita 200. Hesabu hiyo haikudai mtu apenye hadi kiotani, akunje matete apate picha safi, amwachie mwewe njia wazi, mama akimbie na mayai yapoe.

Wapo wanaosema kwa sheria ya Uingereza ya 1981 ya kulinda wanyamapori, Turner angeshtakiwa. Si lazima. Sheria ile inakataza kumsumbua ngojamaliko kwenye kiota bila kibali, na mtu wa kazi kama yake angekiomba.

Hoja ninayoiona nzito ni ya msitu wa Dakatcha, kaunti ya Kilifi, Kenya. Viota vya kwera wa Clarke, ndege adimu wa huko, vilikuja kujulikana 2013 tu, na bila kujua anapozaliana utalindaje mahali pake? Nakubali kabisa. Picha ya namna hiyo ipigwe kwa kibali, na mtu aliyefundishwa, kisha ikae kwa watafiti na wanakijiji wanaolinda msitu. Kuitangaza pamoja na ramani ya mahali ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo anayepinga anijibu: picha yako ya kiota imethibitisha nini ambacho hakikujulikana?