Mdogo wangu anashindana Jumamosi: nani anaruhusiwa kuingia piti (eneo la kuhudumia magari kando ya njia ya mbio)?

Wakuu, mdogo wangu anaingia mbio za magari za ridhaa kwa mara ya kwanza. Fundi wake ni mimi: jeki, spana, geji ya upepo. Mama na mwanangu wa miaka 8 nao wanataka kuja. Tutafika wote hadi kwenye gari?

Jibu la 1:
Gari linapoegeshwa na kutengenezwa, kwa kawaida mnaingia wote mkishasaini fomu ya kukubali hatari. Lakini njia ya piti, magari yakiwa yanaingia na kutoka, ni ya wenye utepe wa mkononi tu. Mtoto huko sahau. Mimi mwenyewe niliwahi kurudishwa getini kwa sababu ya ndala, na jeki nimeibeba begani! Vaa viatu vya kufunika vidole.

Jibu la 2:
Mwambie akuandikishe kama fundi sasa hivi, msingoje asubuhi ya mbio. Na mkijaza mafuta, mmoja asimame na kizimamoto mkononi.

Muulizaji:
Shukrani. Mama amekubali kukaa jukwaani na mjukuu wake. Naenda kutafuta buti.