Kuhama Leicester kwenda Guangzhou na watoto: naomba ushauri

Shikamooni kaka na dada zangu. Mume wangu amepata kazi ya uhandisi Guangzhou, mkataba wa miaka miwili, nyumba wanalipa wao. Mimi ni nesi hapa Leicester. Viza ya kazi ni yangu, yeye na watoto ni wategemezi wangu. Tumeingia mwaka wa nne. Kodi na malezi ya mtoto mdogo vinamaliza mshahara, tumechoka. Tufunge virago sote?

Mama Wawili, Leicester

---

Marahaba mdogo wangu. Niliishi Guangzhou kabla ya kuja Uingereza.

Maisha ya kila siku kule ni mazuri, sikufichi. Treni za chini ya ardhi ni safi na nauli ni ndogo. Utatembea saa tano usiku na mtoto mgongoni bila wasiwasi. Mtoto akishikwa na homa, asubuhi hiyo hiyo anaonwa na daktari wa watoto: unajiandikisha, unalipa dirishani, anapimwa damu, unarudi dirishani kulipia dawa, mnaondoka nayo. Ila kila hatua ni hela kwanza.

Tatizo ni makaratasi. Mumeo ataingia kwa viza ya Z, yaani ya kazi, na ndani ya siku 30 aombe kibali cha makazi. Wewe utapewa S1 ya familia, na hiyo hairuhusu kazi. Yaani unesi wako unalala. Shule za serikali zinafundisha kwa Kichina. Za kimataifa ada yake inatisha, kwa hiyo mumeo asisaini kabla ada haijaandikwa kwenye mkataba.

Na baada ya miaka miwili? Ukaazi wa kudumu China upo kisheria, lakini wanaoupata ni wachache mno. Sensa ya 2020 ilihesabu wageni 845,697 tu China bara, kwenye watu zaidi ya bilioni 1.4. Huku Uingereza, ukikaa nje zaidi ya siku 180 ndani ya miezi 12, unakata mfululizo wa miaka unaohesabiwa kwa ukaazi wa kudumu. Miaka yote hiyo ya zamu za usiku, mdogo wangu, usiitupe! Masharti yanabadilishwa mara kwa mara, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya yote.

Dada yenu, Birmingham

---

Dada kasema kweli, nami niko Guangzhou sasa hivi. Naongeza mawili.

Shemeji akihamia nyumba yoyote, akajisajili polisi ndani ya saa 24, na kila akihama tena. Hotelini wanamsajili wao. Nyumba ya kupanga ni juu yake. Bila karatasi ya usajili huo kibali cha makazi hakitoki. Akizidisha muda wa viza, faini ni yuani 500 kwa siku, mwisho 10,000, au mahabusu.

La pili linaniuma kulisema. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi hapa walifukuzwa majumbani wakalala nje, hadi mabalozi wa Afrika wakaandika barua ya malalamiko. Hali imetulia, lakini hadi leo wapo wenye nyumba wanaokataa mgeni mweusi. Nyumba ya kampuni itamwepusha na hilo.

Ushauri wangu: atangulie peke yake, nanyi mje likizo ya shule kwa S2, viza ya familia ya muda mfupi. Shemeji akinitafuta kabla ya kusaini, nitausoma mkataba pamoja naye.

Kaka, Guangzhou