Kaniuzia gari la kuishi "ofisi kamili", kumbe nalala juu ya moto

Wakuu naandika nina hasira, mnivumilie. Mwezi wa nne huu naishi na kufanya kazi ndani ya gari, nalala humo, napika humo, kazi zangu zote za laptop humohumo. Hii gari nilinunua ikiwa tayari imefungwa kitanda, friji, sola na inveta (kile cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), na muuzaji akaniambia kwa mdomo wake "hii ni ofisi kamili, unapiga kazi siku nzima hata kukiwa na mawingu". Siku nzima! Saa tano asubuhi inveta inaanza kulia pii pii pii, niko katikati ya kikao na mteja, ruta inazima, mteja anajua nimemkatia makusudi.

Mwanzoni nilijilaumu mwenyewe. Nikawa nazima friji usiku, maziwa yanaganda, nawasha injini gari limesimama ili tu nichaji, mafuta yanateketea bure.

Juzi nikanyanyua kiti cha nyuma nikaitoa betri nikasoma lebo. Ni betri ya kuwashia injini jamani! Zile zimetengenezwa kutoa umeme mkubwa sekunde chache gari liwake basi, ukiinyonya mpaka chini kila siku haimalizi hata mwaka. Betri ya matumizi ya ndani ni nyingine kabisa, sahani zake nene, na hata hiyo kama ni ya asidi usiinyonye kupita nusu. Yaani ya ampea-saa 100 (ndo ujazo wa betri) kwa volti 12 watakupigia hesabu ya 100 mara 12, wati-saa 1,200, zako za kutumia bila kuiua ni 600 hivi. Laptop ya wati 60 kwa masaa 8 ni 480 peke yake, bado friji, bado ruta, bado kinachopotea kwenye inveta. Na juu kuna paneli moja tu ya wati 100.

Hayo ningeyameza. Kilichonitetemesha ni waya. Inveta ya wati 1,000 kwenye volti 12 ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta zaidi ya ampea 80, huyu bwana kaifungia kijiwaya chembamba kama cha taa, fyuzi hakuna hata moja. Nimekishika kwa mkono, plastiki yake imelainika na kugeuka kahawia pale kinapopita kwenye tundu la bati, na juu yake ndo godoro langu, mtungi wa gesi hatua mbili pembeni. Miezi minne nimelala hapo!

Nampigia ananijibu "ulikagua ukaridhika". Nilikagua makabati na mapazia, chini ya kitanda ningejuaje wakati aliyefunga ni yeye? Wateja wawili wameshaniacha kwa kukatikakatika, betri, waya mnene na fyuzi nimenunua kwa hela yangu, na leo nimeona katangaza gari jingine, maneno yaleyale, ofisi kamili.

Unayetaka kununua, mwambie akufungulie betri uisome, halafu ufuate ule waya mwekundu kwa mkono mpaka kwenye inveta, fyuzi uikute karibu na betri. Akianza kusema hakuna haja, ondoka.

Picha za waya ninazo zote. Kuna aliyewahi kudai hela kwa kitu kama hiki akarudishiwa? Ulianzia wapi?