Mashine mbili za kuchimba bitcoin zimechelewa miezi minne: nidai pesa au niendelee kusubiri?

Mkesha_Bloku – 6 Mei 2024

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kupita hapa nilipo, maana nimepigwa kalenda hadi nimechoka.

Katikati ya Novemba mwaka jana niliagiza mashine mbili za kuchimba bitcoin, yaani kompyuta za kubahatisha majibu ya hesabu ili kupata sarafu mpya, terahashi 200 kila moja (majaribio trilioni 200 kwa sekunde), zile za kupozwa kwa feni. Muuzaji ni wakala, si kiwanda chenyewe. Jina silitaji kwa sababu pesa yangu bado iko kwake. Asilimia 40 nililipa kwa kadi, 60 iliyobaki nikalipa kwa bitcoin, kwa kuwa alitoa punguzo kidogo kwa anayelipa kwa sarafu. Ankara inasema mzigo utanifikia kabla au ifikapo 12 Januari 2024.

Tarehe 10 Januari wakaniandikia kwamba bechi, yaani fungu la mashine lenye zangu, imekwama kiwandani, nisubiri mwisho wa Februari. Nikajibu "sawa". Mwisho wa Februari ikawa forodha. Nikajibu "sawa, nawaelewa". Machi wakasema wiki tatu. Aprili wakanyamaza kabisa, na nikiwapigia naambiwa mhusika yuko kwenye kikao. Hicho kikao nadhani ni kirefu kuliko mkutano wowote wa bunge.

Mimi upande wangu nilishajiandaa. Kila mashine inakula wati 3,500, karibu ampea 15 kwenye volti 240, kwa hiyo nikavuta waya mnene, kila mashine na swichi yake, rafu ya chuma, na feni kubwa ya kutolea joto ukutani. Hiyo feni naiwasha mara moja kwa wiki isije ikaganda. Inapuliza hewa ya chumba kitupu.

Kinachoniuma ni hesabu. Katikati ya Januari ugumu wa mtandao (kipimo cha jinsi ilivyo kazi kupata bloku, yaani fungu jipya la miamala) ulikuwa trilioni 73 hivi, na zawadi ya anayepata bloku bitcoin 6.25. Mashine moja ya terahashi 200 ingeniletea kama satoshi 34,000 kwa siku (satoshi milioni mia ni bitcoin moja), ukiacha ada za miamala. Leo ugumu ni trilioni 88, na tangu bloku ya 840,000 tarehe 20 Aprili zawadi ni 3.125. Mashine ileile, umeme uleule, satoshi 14,000 na ushee. Nimejumlisha siku zote kuanzia katikati ya Januari hadi zawadi ilipokatwa nusu, nikapata karibu bitcoin 0.03 kwa kila mashine. Hizo zimepita na hazirudi.

Wiki iliyopita wamezinduka na kunipa njia tatu. Moja, nisubiri Juni. Mbili, vocha ya kununua bidhaa nyingine kwao. Tatu, nirudishiwe pesa kasoro asilimia 10 ya "gharama za kufuta oda", na sehemu ya bitcoin wailipe kwa thamani ya dola ya siku niliyolipa. Dola hizo leo hazinunui hata asilimia 60 ya bitcoin niliyowatumia.

Nifanyeje? Nikifuta oda najiona nimekubali kuibiwa. Nikisubiri najiona mjinga.

---

Kobe_wa_Hashi – 6 Mei 2024

Subiri tu mkuu. Bei ya bitcoin imepanda, mashine zitajilipa zenyewe. Haraka haraka haina baraka.

---

Babu_Kisanduku – 6 Mei 2024

Kobe, hiyo methali ungemwambia muuzaji, yeye ndiye aliyekuwa na haraka ya kupokea.

Mkesha, mimi nimeanza mchezo huu 2013, mashine zenye chipu maalumu za kuchimba tu zilipoanza kufika mikononi mwa watu. Siku hizo wote tulikuwa tunalipia mashine ambayo bado iko kwenye karatasi. Butterfly Labs, kampuni ya Marekani ya kuuza mashine hizi, ilianza kuchukua oda Juni 2012. Kwa mujibu wa mashtaka ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, hadi Septemba 2013 wateja zaidi ya 20,000 walikuwa hawajapata walicholipia. Tume ilikwenda mahakamani Septemba 2014, kesi ikamalizwa kwa makubaliano Februari 2016. Kuna jambo kwenye mashtaka hayo silisahau: mtu wa kampuni yenyewe alikuwa amekiri kwamba muda uliopita ulizigeuza baadhi ya mashine kuwa sawa na hita ya chumba.

Suala lako la dola na bitcoin nalo si geni. Mwaka huohuo wa 2013 wateja wa HashFast, kampuni nyingine ya mashine hizi, waliolipa kwa bitcoin, wakati sarafu moja ikiwa dola mia na kitu, walipodai marejesho ilishafika dola elfu na zaidi. Wateja wakasema tulitoa sarafu, turudishieni sarafu. Kampuni ikasema bei ilikuwa ya dola. Mwaka uliofuata kampuni ikaishia kwenye mahakama ya ufilisi, na huko mdai wa bitcoin na mdai wa dola wote wanakaa benchi moja.

Sasa yangu. Muuzaji wangu (si hao niliowataja) alichelewa miezi mitano. Na mimi nilisubiri, kama Kobe anavyokushauri. Boksi lilipofika nikalifungua mezani taratibu. Gundi ya kiwanda ilikuwa imekatwa na kubandikwa utepe mpya juu yake. Nikamulika tochi kati ya mapezi ya alumini ya kupozea: vumbi la kijivu, lile laini linaloshikana kama sufi. Mashine mpya haina vumbi la namna ile. Skrubu mbili za feni vichwa vilishaliwa na bisibisi. Nilipowauliza wakasema ni "majaribio ya ubora". Majaribio gani ya kukusanya vumbi la miezi? Siwezi kuthibitisha mbele ya mtu yeyote kwamba waliitumia mashine yangu kuchimba kwanza, lakini tangu siku ile sisubiri mzigo wa mtu.

Futa oda.

---

Dada_wa_Oda – 7 Mei 2024

Nimekuwa nikisoma kimya ila hapa naona nichangie. Niliwahi kufanya kazi miaka miwili kwa wakala wa mashine hizi, dawati la malalamiko. Sipo tena. Nitakuambia mambo yalivyo ndani, kaka Mkesha, halafu utaamua.

Kwanza na la haraka kuliko yote: kadi. Kwa Visa, mtu ambaye hakupokea bidhaa kwa kawaida ana siku 120 kupinga muamala kupitia benki yake, zikihesabiwa tangu siku ya mwisho aliyoahidiwa mzigo, na kwa vyovyote hazivuki 540 tangu alipolipa. Chukua ankara yako: 12 Januari. Siku 120 zinaisha 11 Mei. Leo ni tarehe 7. Inawezekana benki ikakubali kuhesabu kutoka ile tarehe ya Februari au ya Machi, kwa kuwa zilikuwa ahadi mpya, lakini usiliwekee hilo dau. Nenda kesho. Beba ankara, mawasiliano yote, na barua yako ya kufuta oda.

Kuhusu hizo "sawa" zako: pale kazini tulikuwa tunazipenda sana. Tulielekezwa kila ujumbe wa kuchelewa tuumalizie kwa swali linalomvuta mteja akubali, "tunaamini utaendelea kuwa nasi?" Mteja anajibu sawa, jibu linawekwa kwenye faili lake, na benki ikiuliza tunalitoa: huyu alikubali tarehe mpya. Kwa hiyo kuanzia sasa usijibu sawa. Andika: sikubali tarehe nyingine, nafuta oda namba fulani, naomba kiasi fulani kirudi kwa njia niliyolipia, ndani ya siku saba. Mistari minne. Usitukane. Si kwa sababu wanastahili heshima, ni kwa sababu barua ya matusi tulikuwa tunaipeleka kwa wanasheria na inakaa huko, ila yenye namba, tarehe na kiasi ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwa mhasibu.

Pili, pesa yako iko wapi. Wakala wengi hawana stoo yoyote. Pesa yako ilipoingia ilikwenda kiwandani kama malipo ya awali ya bechi, pengine hata ya bechi ya mtu aliyeagiza kabla yako. Anapokurudishia, anakulipa kwa pesa ya mteja aliyeagiza jana. Ndiyo maana vocha inatolewa kwa tabasamu na pesa taslimu kwa kuvutana. Na siku wateja wapya wakipungua, ambayo ndiyo hali baada ya zawadi kukatwa nusu, anayedai mwishoni hakuti kitu. Asilimia 10 ya kufuta oda ni ya mtu aliyebadili mawazo. Wewe hujabadili mawazo, wao ndio hawakuleta. Ikatae kwa maandishi. Marekani, kwa mfano, kanuni ya mauzo ya mbali inasema ucheleweshaji usipokubaliwa na mnunuzi, pesa inarudi yote. Ulaya nako muuzaji anatakiwa kufikisha mzigo ndani ya siku 30 kama hamkupatana vinginevyo. Ila angalia, kinga hizo za Ulaya ni za mlaji. Ukiwa umenunua kwa jina la kampuni, unarudi kwenye mkataba wenu.

Tatu, bitcoin. Hapa sitakufurahisha. Soma masharti uliyoyabonyeza siku ya kulipa. Karibu yote yanasema bei ni ya dola na sarafu ni njia ya kulipia tu. Kama na lako linasema hivyo, chukua dola haraka kabla hazijaisha. Muamala wa bitcoin hauna benki ya kuulizia.

---

Babu_Kisanduku – 7 Mei 2024

Dada umesema kweli tupu, ila hapo mwisho hatuelewani. Aanze kwa kudai sarafu yote, kwa maandishi, hata kama masharti yanasema vingine. Ukianza kwa kuomba kidogo utapewa nusu ya hicho kidogo.

---

Dada_wa_Oda – 7 Mei 2024

Sawa babu, adai. Ila asikatae dola zikija kwa kusubiri sarafu. Nimeona watu wamefanya hivyo na sijui waliishia wapi.

Nilisahau jambo. Kaka, ukishaandika hapa kwamba unadai, utaanza kupokea ujumbe wa faragha kutoka kwa "mawakala wa kurejesha fedha". Wanasema wanaweza kuifuata bitcoin yako kwenye mnyororo wa bloku, lile daftari la wazi la miamala, na kuirudisha, ulipe tu ada ya kufungua jalada. Hao ni wezi wa zamu ya pili. Na anwani ya pochi ya kupokelea marejesho iandike kwenye mfumo wa oda wa muuzaji mwenyewe, usimtumie mtu yeyote kwenye gumzo hata akijiita meneja.

---

Mkesha_Bloku – 8 Mei 2024

Nimetoka benki sasa hivi. Mhudumu hakujua mashine ya kuchimba ni nini, nikamwambia ni kompyuta mbili ambazo hazijafika, akaelewa mara moja. Jalada limefunguliwa kwa ile asilimia 40. Aliuliza: uliwahi kukubali tarehe mpya? Nikamwonyesha zile "sawa" zangu mbili, akazitazama, akanitazama. Akasema ataambatanisha pia ahadi ya Machi iliyovunjwa.

Barua ya kufuta oda niliituma jana usiku. Mistari minne, dada. Wa tano niliuandika nikaufuta.

Na ujumbe wa faragha umeshaingia, watatu. Mmoja ana picha ya wakili mwenye miwani.

---

Kobe_wa_Hashi – 9 Mei 2024

Ugumu umeshuka leo hadi trilioni 83 wakuu! Nilisema msubiri.

---

Babu_Kisanduku – 9 Mei 2024

Umeshuka kwa wenye mashine, Kobe.

---

Mkesha_Bloku – 10 Mei 2024

Haya, mambo yamegeuka. Baada ya kunizungusha miezi yote hii, saa 30 tu tangu benki iwaandikie, nimepokea imeili yenye alama za furaha: "Oda yako imeondoka!" na namba ya kufuatilia mzigo.

Nikakimbilia kuiangalia. Hali: lebo imetengenezwa, msafirishaji anasubiri kukabidhiwa.

---

Dada_wa_Oda – 10 Mei 2024

Lebo ni karatasi, kaka. Yeyote anaitengeneza akiwa kitandani. Tulikuwa tunazitoa siku benki inapouliza, ili tuseme mzigo uko njiani. Fungua maelezo ya lebo, tazama uzito waliouandika.

---

Mkesha_Bloku – 10 Mei 2024

Boksi moja. Kilo 1.

Mashine moja peke yake ni zaidi ya kilo 14, na niliagiza mbili. Nimepiga skrinshoti na kuituma benki iungane na jalada. Wale jamaa nimewajibu kwa mstari mmoja: oda ilishafutwa tarehe 7, mzigo wowote utakaofika sitaupokea, nasubiri marejesho ya bitcoin. Nimedai sarafu, babu. Wakileta dola nitachukua, dada.

Kuna mtu anahitaji feni ya kutolea joto, haijawahi kupuliza joto hata siku moja?