Jebel Akhdar na mama mtu mzima: njia ikoje, na tusimame wapi?

BintiMkunazini:
Assalaam aleikum jamaa. Mama anakuja Maskat kutoka Unguja mwezi wa Aprili, nami nataka nimpandishe Jebel Akhdar, ule mlima wa hapa Oman, akaone mawaridi. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua na garini hupatwa na kichefuchefu. Gari letu ni saluni ndogo. Litafika? Na asiyeweza kutembea sana anastarehe wapi huko juu?

MkaziWaNizwa:
Waaleikum salaam dada. Saluni iacheni nyumbani. Pale Birkat al Mouz, mlima unapoanza, kuna kizuizi cha polisi. Wanaangalia leseni na mulkia (kadi ya usajili wa gari), na gari lisilokuwa 4x4 linarudishwa.

Wageni wangu hushangaa, maana lami ni nzuri chini hadi juu. Kupanda hakuna taabu. Kazi ni kushuka. Uwanda wa Saiq, huko juu mnakokwenda, uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka hapo mteremko ni mkali na mrefu. Anayekanyaga breki muda wote anazichemsha mpaka zinakataa kushika. Vile vichochoro vya kokoto mtakavyoviona pembeni, vinavyopanda ghafla, ni vya gari lililoishiwa breki kukimbilia. Shukeni kwa gia nzito, ya kwanza au ya pili, injini ndiyo ilizuie gari. Mkisikia harufu ya kuungua, egesheni zipoe, hata kama mmebakisha kona mbili. Naipenda sana barabara hii, ndiyo maana nalisema hili kwa kila anayeuliza.

Kuhusu mama: kabla ya kupanda, mpumzisheni Birkat al Mouz kwenyewe. Kuna mitende na migomba, na Falaj al-Khatmeen inapita hapo, mfereji wa kale ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Maji bado yanagawiwa mashambani. Kukaa kando yake hakuhitaji magoti.

Juu, watu wengi hukimbilia ukingo wa genge aliposimama Diana, yule binti mfalme wa Uingereza, mwaka 1986, siku hizi liko ndani ya hoteli, wanapiga picha, wanageuza. Mimi naona wanaukosa mlima. Nendeni kwenye vijiji vya Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah, vilivyong'ang'ania ukingo wa korongo, na mashamba ya ngazi yakishuka chini yake, kila ngazi na ukuta wake wa mawe. Njia ya miguu kati ya vijiji ina vidaraja vingi, hiyo waachieni vijana. Mama ataviona vizuri kutoka barabarani.

Mawaridi huchumwa alfajiri, jua halijakausha harufu. Muulizieni mama nyumba wanamochemsha marashi: maua yanatiwa ndani ya jiko la udongo, mvuke unapanda, unagusa chombo chenye maji baridi, unadondoka ukiwa marashi. Ya kuni yana harufu ya moshi kidogo, na hayo ndiyo ninayoyanunua. Mama akiyatia kwenye mrashi wake, majirani watauliza.

Shemeji_Sohar:
Naongeza: kama hamna 4x4, pale chini karibu na kizuizi wapo madereva wenyeji wenye magari yao. Pataneni bei kabla ya kuondoka. Na bebeni sweta, Aprili chini mjini Nizwa kunawaka lakini Saiq jioni baridi inauma.

BintiMkunazini:
Ahsanteni sana. Na Wadi Bani Habib? Mume wangu anaitaka.

MkaziWaNizwa:
Aende, ni pazuri: nyumba za kale zilizohamwa na mikomamanga chini yake. Ngazi za kushukia ni nyingi, kwa hiyo mama abaki juu na chai, magofu anayaona kutoka hapo. Ila wingu likifunga, mume asishuke bondeni. Mvua inaweza kunyesha mbali na maji yakafika alipo yeye. Na kwa kichefuchefu, mama akae mbele, mwambieni dereva asimame kila penye egesho la kutazamia.